Kodi Imepita

Mama mwenye nyumba wangu hapa Mwanga, Kigoma, anafanya biashara ya dagaa pale Kibirizi. Laiti ningelikumbuka hilo mapema.

Nilikuwa nimewatengenezea kina mama wa dagaa mfumo wenye vipande vinne: ukurasa anaouona mteja, programu ya nyuma inayopiga hesabu, hifadhidata, na kitumaji meseji kinachomwambia mwenye mali kwamba dagaa wake wamekauka. Kila kipande nilikuwa nakipandisha kwenye seva kwa mkono, usiku, kwa dua. Nikachoka, nikajenga paipulaini. Nikisukuma kodi tu, yaani maagizo ya programu niliyoandika, mtambo unaijenga, unaipima, unaipeleka seva ya majaribio. Ikipona huko ndipo iende kwa wateja. Mimi nile migebuka yangu kwa amani.

Siku ya kuijaribu niko barazani, simu sikioni, namtambia rafiki yangu wa Dar: "Kaka, kodi imepita! Yote! Sijagusa kitu!"

Mlango nyuma yangu ukafunguka. Mama mwenye nyumba, uso umemnawiri.

"Imepita? Afadhali, mwanangu. Ya miezi yote miwili?"

Sijapata la kujibu, simu yake ikalia. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Magunia yako 999 yamekauka. Fika Kibirizi uchukue." Ikalia tena. Na tena.

Jasho likanitoka. Vipande vitatu nilikuwa nimevielekeza kwenye mazingira ya majaribio. Kile cha nne, kitumaji, nilisahau kukiwekea ule mstari mmoja wa kukiambia kiko majaribioni, na kikiukosa kinachukua chaguo-msingi, yaani kile kilichowekwa tangu mwanzo. Chaguo-msingi niliandika mimi mwenyewe, kwa mikono hii: namba za simu za wateja halisi. Halafu, kwa vile intaneti yetu hukatika-katika, nilikuwa nimeuambia mtambo hatua ikikwama irudiwe hadi mara tatu. Ukatii. Kwenye skrini kila kitu kijani. Kwa nini kisiwe kijani? Meseji si zimefika?

Nikadandia bodaboda mpaka Kibirizi. Nikakuta maguta matatu yamejipanga mwaloni na mama mmoja anabishana bei na dereva wa Fuso. Nikaanza kueleza habari za seva ya majaribio. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgonjwa wa malaria.

"Mwanangu," akasema yule mama wa Fuso, "mimi sikatai kuchukua. Nioneshe tu yalipo."

Nauli ya maguta nililipa mimi. Ya Fuso tulielewana, ingawa dereva hakufurahi.

Jioni nikarudi kwa kunyata. Nikamkuta mama barazani, kwenye kiti changu, anachambua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hayo magunia nimekusamehe." Akapuliza pumba. "Sasa ile kodi iliyopita asubuhi, imepita wapi?"