Maji yakae kushoto

Mimi barabarani sijawahi kupotea. Barabarani kuna vibao, kuna watu wa kuuliza, kuna madereva wa kukupigia honi ukizubaa. Nimepotea mara moja tu maishani na nilipotea kwenye mstari. Mfereji bana. Kitu kimechimbwa na watu, kina mwanzo kina mwisho, njia panda hakuna, unachotakiwa ni kupanda baiskeli na kuyafuata maji kama bata. Na bado.

Aliyeniponza ni shem, kaka wa mke wangu, jamaa mmoja akishapenda kitu lazima na wewe ukipende hata kwa lazima. Kanishika sikio wiki nzima na habari za Canal du Midi huko kusini mwa Ufaransa, kilomita 240 kutoka Toulouse mpaka ziwa la Thau karibu na Sète, pale baharini. "Shem, kule hakuna gari, hakuna lori, hakuna moshi, na mlima hakuna kabisa, maji hayapandi mlima, kwa hiyo na sisi hatupandi." Nikaona mantiki ipo. Tukaenda mwezi wa sita, baiskeli mbili, kila moja imebeba mabegi mawili kwenye keria, na la shem moja zima limejaa spana ambazo mpaka leo sijui alitaka kutengeneza nini.

Uongo wa kwanza niliugundua siku ileile. Maji yanapanda mlima. Kutoka Toulouse mfereji unakwea mpaka Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, ndo unaanza kushuka upande wa pili. Unapanda kwa ngazi za malango ya maji, yaani vyumba vya kupandishia na kushushia mashua, na kila penye lango na njia ya baiskeli inanyanyuka kidogo, mwinuko wenyewe mfupi ila ukiwa na mabegi paja linaupata ujumbe. Uongo wa pili ni lami. Ipo, kama kilomita 50 za mwanzo, laini unateleza tu unajiona bingwa wa dunia, halafu inakata, inabaki njia ya udongo waliyokuwa wanapita farasi wakivuta mashua zamani, na mizizi ya miti imevimba juu kama mishipa ya mtu mwenye hasira. Yale makalio niliyofika nayo Castelnaudary jioni sio niliyotoka nayo Toulouse, yalikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Siku ya pili ndo yenyewe. Safari fupi tu, Castelnaudary mpaka Carcassonne, kilomita kama 40, na huko unashuka. Asubuhi shem akatoa amri mbili. Moja, simu zizimwe, tumekuja kupumzika. Mbili, na hii naomba muikariri: "Shem, sisi kazi yetu moja tu, maji yakae kushoto. Yakiwa kushoto tunaenda baharini, tusifikirie kitu kingine." Nikaitikia. Hata mtoto angeitikia.

Basi tukatiririka, jua la asubuhi liko usoni, maji kushoto, raha tupu. Mchana mchana hivi tukafika lango la Bram tukakuta mashua ya kukodi imekwama inasubiri mlinzi wa lango arudi kutoka kula. Ndani wazee wawili, bibi kavaa kofia ya majani pana kama ungo, babu kashika usukani kama anaendesha meli ya mafuta, na kambwa keupe mbele kameweka miguu juu ya ukingo. Hizo za kukodi hazitaki leseni, na kwa babu ilionekana wazi, maana lango lilipofunguliwa aligonga ukuta wa kushoto, akaenda kuomba msamaha ukuta wa kulia.

Tulikaa kuangalia, maana lango la maji ni sinema ya bure. Mashua inaingia kwenye chumba cha mawe, mageti yanafungwa nyuma yake, vishimo vinafunguliwa kwa mbele, na mashua inaanza kuzama polepole na abiria wake mpaka unaona kofia tu, halafu mageti ya mbele yanafunguka inatoka iko chini. Kuta za hivyo vyumba zimetuna kama yai, kwa sababu alipoanza kazi mwaka 1666 yule bwana aliyeujenga, Pierre-Paul Riquet, alizinyoosha, udongo ukazisukuma zikaanguka, ndo akazipinda. Mwenyewe alifariki 1680, mfereji ukafunguliwa 1681. Mtu kahangaika miaka yote hiyo akafa umebaki mwaka mmoja, nikamsikitikia kweli, bila kujua na mimi yangu yanakuja.

Tukaondoka. Mwisho wa mwendo kwenye mfereji ni kilomita 8 kwa saa, kwa hiyo tuliwapita wale wazee wala hatukubadili gia. Shem akawapungia mkono kwa ile huruma ya mwenye mbio. "Kobe hao," akasema, "wakifika Carcassonne sisi tumeshaoga tumelala."

Sasa sikilizeni mambo yanavyoungana. Ule mfereji umepandwa miti ya mplatani pande zote, kivuli kama chumba, ila kuna fangasi imeingia, mwaka 2006 ndo ilionekana pale mferejini mara ya kwanza, na mti ukishaipata dawa hakuna, ni kukata na kuchoma, hata majirani zake wazima wanakatwa. Yamekwenda maelfu kwa maelfu. Inaaminika iliingia Ufaransa ndani ya masanduku ya mbao ya risasi za wanajeshi wa Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia. Kwa hiyo tulipopita Bram kama kilomita kumi, jua kali, upande wetu umebaki visiki tu, ng'ambo kuna miti mitatu imesimama ina kivuli cha kuita mtu kwa jina. Pana kadaraja ka mawe kalikopinda mgongo. Tukavuka. Tukala, tukajilaza dakika kumi. Ukitaka kufuatilia, kupotea kwetu kulianza na Hitler.

Dakika kumi zikaisha saa kumi kasoro. Shem akashtuka, "Shem twende twende twende!" tukakurupuka, macho yamevimba, tukapanda baiskeli. Akapaza sauti, "Maji?" Nikajibu, "Kushoto!" Na kweli, tukayaweka kushoto.

Daraja hatukurudi kuvuka. Wenye akili wameshaelewa. Sisi tulihitaji muda zaidi.

Dalili zilikuwepo, sio kwamba hazikuwepo. Jua lilikuwa usoni asubuhi, na sasa jioni inakaribia liko usoni tena, unajua tulisemaje? Tulifurahi! Shem akasema, "Unaona? Jua palepale, hatujapotea." Likaja lango la maji, asubuhi kwenye malango tulikuwa tunashuka tumeachia miguu, hili tunalikwea tunahema. Nikamuuliza mbona kama tunapanda. "Huo ni uchovu wa usingizi wa mchana, shem, damu imetulia." Na mimi nikaamini, nikawa nasukuma pedali nairuhusu damu ianze kazi.

Halafu tukaiona mashua. Inakuja, imetuelekea sisi. Kofia ileile, kambwa kalekale, babu analamba kingo zote mbili.

Shem akafunga breki mpaka mabegi yakaning'inia. Akanitazama kwa majonzi. "Masikini wazee wa watu," akasema. "Wamegeuza. Wanarudi walikotoka na hawajui."

Jamani naapa tulisimama pale ukingoni watu wazima wawili tukaanza kuwapigia kelele. Kifaransa chetu ni cha kuomba maji na kusema asante, kwa hiyo tukatumia mikono, shem anazungusha mikono yote miwili kama anageuza lori kwenye uchochoro, mimi nanyoosha kidole nyuma yao, "Carcassonne! Carcassonne!" Bibi akatupungia. Babu akavua kofia yake kwa heshima. Mbwa tu ndo alibweka, nadhani yeye alikuwa anajaribu kutuambia kitu. Wakapita taratibu kwa kilomita zao nane. Shem akatikisa kichwa, "Umri huo shem, mtu hutakiwi kupewa mashua." Tukaendelea, tena kwa kasi, tukijisifu tumejaribu.

Kwenye nyumba za walinzi wa malango kuna kibao, kinakupa jina la lango na umbali wa kwenda lango la mbele na la nyuma. Nikafika kwenye nyumba moja, nikasoma, nikasoma tena.

"Shem, hivi Bram ziko ngapi?"

Akajibu bila kugeuka, "Majina huwa yanajirudia."

"Na hiki kichaka chenye soksi yako?"

Maana alikuwa ameanika soksi pale mchana akaisahau. Ilikuwa imekauka vizuri sana. Akaitazama ile soksi muda mrefu, akaitoa kichakani, akaikunja, akaiweka mfukoni, akageuza baiskeli. Hakusema neno. Kilomita sita nzima hakusema neno, na ilipokuja kusikika sauti haikuwa yake, ilikuwa tairi langu la nyuma, pshhhh, mzizi. Tukafungua lile begi la spana. Zilikuwepo spana za kufungulia jenereta. Pampu hakuna. Tukapata kwa baba mmoja aliyekuwa anakimbia na mtoto wake kwenye baiskeli ndogo, na yule mtoto akashika tochi wakati naziba pancha ingawa bado kulikuwa kweupe, nadhani alituonea huruma akataka na yeye atoe mchango.

Carcassonne tuliingia saa nne usiku, anga bado ina mwanga wa Juni, kwa mbali ile ngome yao ya minara imewashwa taa. Bandari ya mfereji ipo karibu kabisa na stesheni ya treni, na mashua zilikuwa zimepangwa pale kimya. Ya tatu kutoka mwisho ina kambwa keupe.

Wazee wameshakula, wameshaoga, bibi kajifunga kanga yake ya taulo kichwani. Kutuona tu babu akainuka kwenye kiti, akaweka glasi chini, akanyoosha mkono wote kuelekea upande wa baharini na kuushikilia hapo bila kutikisika, mpaka alipohakikisha shem amegeuza kichwa akaangalia.

"Merci," shem akasema.

Yule babu akanyoosha na mkono wa pili, kulekule.