Mtumishi wa umma akihariri Wikipedia, kosa liko wapi?

Hapa Dodoma, ukisema kuna mtumishi kule Mji wa Serikali, Mtumba, anahariri Wikipedia, neno la kwanza utakalosikia ni "uchawa", yaani kujipendekeza kwa wakubwa. Alichoandika hakiulizwi. Watu wanauona mkono wa bosi.

Shaka hiyo haikuzuka tu. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba wasaidizi wa Marty Meehan, mbunge wa Marekani, waliondoa kwenye ukurasa wake habari ya ahadi aliyoivunja, ya kutong'ang'ania ubunge. Julai 2014 Wikipedia ikaifungia kwa siku 10 anwani ya kompyuta za bunge hilohilo, kwa uharibifu. Waliumbuliwa na kompyuta zao: aliyehariri bila akaunti, anwani ya mtandao wa ofisi ilibaki kwenye historia ya ukurasa, kila mtu akaisoma.

Lakini fungua Wikipedia ya Kiswahili utafute kata yako. Nyingi zina mistari miwili mitatu: wilaya, idadi ya wakazi, basi. Na idadi yenyewe huenda ni ya sensa ya zamani. Sensa ya 2022 iliupa mkoa wetu watu 3,085,625. Anayeshinda na majedwali ya sensa mezani ni mtumishi. Dodoma ilipopandishwa kuwa jiji Aprili 2018, karani aliyefuta "manispaa" akaandika "jiji" angekuwa amemsifia nani? Mimi namshukuru.

Linaloniumiza kichwa ni uchache wa wahariri. Kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ukificha jambo leo, kuna mtu atalirudisha kesho. Kwetu mstari uliofutwa unaweza kukaa miaka bila mtu kushtuka, na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma akaunukuu hivyo hivyo. Kwa hiyo huyu mtumishi tunamhitaji kuliko Wamarekani wanavyowahitaji wao, na akiamua kuficha, atatuumiza zaidi.

Kumkataza sioni faida yake, maana atahariri usiku kwa simu yake na jina la bandia. Afungue akaunti, aseme anafanya kazi wapi, kila takwimu aiwekee chanzo. Ukurasa wa waziri wake asiuguse. Akiona kosa humo aliandike kwenye Majadiliano, ukurasa wa pembeni wa kujadili makala, arekebishe mwingine ambaye mshahara wake hautoki ofisi ile.