Wabongo mnaokuja Kampala, LC1 kwanza polisi baadaye

Jamani kila anayetoka Bongo kuja huku swali la kwanza ni namba ya polisi. Ni 999 au 112, sevu zote mbili, ila usije ukadhani ndio umeshalindwa. Mtu wa kumjua huku ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la ngazi ya chini kabisa la serikali za mitaa, wa mtaa uliopanga. Wengi wanamfananisha na balozi wetu wa nyumba kumi, mimi nakataa, balozi siku hizi unakaa naye miaka humjui hata sura, huyu wa huku ana muhuri wake, barua yake inaulizwa ofisi nyingi na anajua nani kahamia chumba gani.

Kuna dada mmoja wa kwetu Mwanza aligongwa na boda usiku Kansanga, mguu ukavunjika. Ambulensi hakuna aliyeisubiri. Walimpakia boda nyingine mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, kijana nyuma kamshikilia asidondoke, kufika kliniki moja ya binafsi mapokezi wanataka dipoziti kwanza ndio aguswe, na laini yake bado ya nyumbani, shilingi za Uganda hana. Aliyekuja kumdhamini saa saba usiku na kandambili miguuni ni mwenyekiti, kisa wiki anahamia alipita kwake kusalimia. Asingepita sijui.

Nyumbani nako tusijisifu sana, ila kwenye m-mama, ule mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, hapo tumejitahidi, mjamzito akizidiwa inapigwa 115 bure na kama gari la wagonjwa halipo anafuatwa na dereva wa mtaani aliyesajiliwa, na mgonjwa halipi nauli. Natamani huku iwe hivyo kwa kila dharura maana boda wa Kampala wanabeba majeruhi kila siku kwa huruma yao tu, mafuta yao.

Simu nayo, kwenye jam funga dirisha la teksi, yaani daladala. Ikikwapuliwa usianze kupayuka mwizi mwizi, watu hawasubiri polisi, utashuhudia mtu anauawa kwa simu ya laki tatu, na hilo hata Dar lipo tusijifanye.

Halafu Wakenya na Waganda wanavukiana mpaka kwa kitambulisho tu, sisi ni pasipoti. Ikipotea anzia polisi upewe karatasi ya ripoti ndio uende nayo ubalozini kuomba hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Kopi ya pasipoti mtumie ndugu yako kabla hujapanda basi la kuja huku kupitia mpaka wa Mutukula.