Mwanamume Anayepigwa Nyumbani Asichekwe

Wiki iliyopita, pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, mvuvi mmoja alikaa kando ya mitumbwi mkono wake ukiwa umefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, akisema ameunguzwa na karabai. Jirani yake alipofichua kwamba mkewe ndiye aliyemmwagia uji wa moto, wanaume wenzake waliangua kicheko. Kicheko hicho kimeniudhi mno.

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mwanandoa yeyote kumwadhibu mwenzake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu, na kinamlinda mume sawasawa na mke. Tatizo linaanzia kaunta ya polisi, mahali ambapo majeruhi huchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili daktari aijaze na baadaye itumike kama ushahidi. Mwanamume anayeulizwa kwa sauti kubwa, mbele ya watu wanaomfahamu, kwamba alimfanyia nini mkewe hadi akapigwa, atajibu kwamba aliteleza, au ataondoka bila fomu; daktari naye ataandika ajali, na miezi kadhaa baadaye, shauri likifika Baraza la Usuluhishi wa Ndoa la kata, hatakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha yaliyompata. Siku akichoka akamsukuma mkewe, kumbukumbu pekee itakayokuwepo ni ya kosa lake yeye.

Nakubali kwamba wanaoumizwa zaidi majumbani ni wanawake, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lilistahili kuanzishwa kwa ajili yao. Sitaki wapunguziwe chochote. Hata hivyo, dawati hilo lina askari waliofundishwa kusikiliza kwa staha, na mwanamume aliyejeruhiwa anapaswa kupelekwa huko moja kwa moja badala ya kuhojiwa kaunta. Wauguzi nao wamuulize faraghani, kama wanavyomuuliza mwanamke, iwapo kuna mtu aliyemuumiza.

Wazee wetu wa Ujiji na Mwanga, pamoja na masheikh na wachungaji, waache kumwambia avumilie kwa sababu yeye ni mwanamume. Wanaume wengi wanaopigwa huvumilia kwa kuhofia kuwaacha watoto. Mwenyekiti wa mtaa anayeletewa malalamiko ya namna hii amsindikize mlalamikaji hadi dawatini siku hiyo hiyo, kidonda kikiwa bado kibichi.