Lusia si kosa la tahajia

Mama yangu mkubwa anaitwa Lusia. Cheti chake cha ubatizo, kilichojazwa na padri kwa wino wa bluu, kinasema Lusia, na mtaa mzima unamwita hivyo. Mwaka jana alipeleka fomu zake kwenye ofisi moja. Karani akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile "s" na kuandika "c" juu yake. "Mama, jina lenyewe ni Lucia." Karatasi zikaacha kulingana, na ikabidi tufunge safari kwenda kwa wakili kuapa, tukatoa nauli, ada na siku nzima kwa ajili ya herufi moja.

Lenyewe lipi? Jina hili limetokana na neno la Kilatini lux, yaani mwanga, na ni la kike kwa Lucius, jina ambalo Warumi waliwapa watoto wao wa kiume. Enzi za Kaisari, "c" ya Warumi ilitamkwa "k" kila mahali, kwa hiyo wao walisema Lukia. Wagiriki husema hivyo hadi leo. (Mtu asilichanganye na Rukia wetu, lenye asili ya Kiarabu.) Karani akitaka asili, basi hata ile Lucia yake, anavyoitamka, haimo.

Jina lilienea kwa sababu ya binti wa Syracuse, kule Sicily, ambaye mapokeo ya Kanisa yanasema aliuawa kwa imani yake mwaka 304, wakati Diocletian, mtawala wa Roma, alipowatesa Wakristo. Kila taifa lililompokea lilimwita kwa ulimi wake. Waitaliano huandika Lucia na kusoma Luchia, mkazo ukiwa kwenye "i". Madrid utasikia "th" kama ya thelathini katikati ya jina, lakini nenda Sevilla, au vuka bahari hadi Mexico, utasikia Lusia, vilevile anavyoitwa mama mkubwa. Wapolandi huandika Łucja, na hiyo Ł husikika kama "w" yetu. Kwa Wahungaria ni Luca, husomwa Lutsa, na ni jina la msichana, ilhali Mwitaliano akiona herufi hizohizo anajua ni mwanamume. Sijawahi kusikia mtu wa Warsaw akiambiwa arudi nyumbani akasahihishe jina lake.

Waswidi ndio walionigusa zaidi. Tarehe 13 Desemba, sikukuu ya Lusia, kwao giza ni la kutisha. Katika kalenda ya zamani ya Julius usiku huo ulihesabiwa kuwa mrefu kuliko yote ya mwaka. Alfajiri msichana huingia amevaa kanzu nyeupe, mshipi mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani, wenzake wakimfuata kwa nyimbo. Halafu huliwa mikate midogo ya zafarani, ya manjano, iliyopindwa kama herufi S, yenye zabibu kavu kwenye mipindo. Huitwa lussekatter. Tazama hiyo "lusse": wameiandika kwa "s", tena mbili.

Na kuna hili la Brazili. Mwaka 1974 mifupa ya kiumbe wa jamii ya binadamu wa kale, ya miaka milioni 3.2, ilipopatikana Hadar, Ethiopia, watafiti waliipa jina la Lucy, ndiyo Lusia ya Waingereza. Waethiopia wana jina lao, Dinkinesh. Baadaye wanasayansi wa Brazili walitaka kumuenzi Lucy kwa kulipa jina lake fuvu la kale la mwanamke lililopatikana nchini mwao. Hawakuandika Lucy. Waliandika Luzia, kama Wareno na Wabrazili walivyozoea kuita tangu zamani.

Sisi nasi tunaye Lusia, kwenye misa, kwenye daftari za vikundi vya akina mama, kwenye makaburi ya bibi zetu. Kiapo cha mama mkubwa ninacho hapa mezani, kimepigwa muhuri. Kinasema Lusia na Lucia ni mtu mmoja na yuleyule. Karani angemuuliza tu, angejibiwa bure.