Kwao ni "jengo letu", kwetu ni "la serikali"

Ijumaa nilikuwa ofu, nikaendesha kutoka Dallas, huku Texas Marekani, mpaka Waxahachie, kama kilomita 50 kwenda kusini, nikaone mahakama yao ya zamani ya kaunti ya Ellis. Mji wenyewe mdogo, lakini mnara wa saa unauona kabla hujafika. Mawe mekundu na granaiti ya waridi, jengo lilimalizika 1897 na ofisi za kaunti bado zimo.

Sasa nimesimama naangalia nguzo za mlangoni, zimechongwa nyuso za watu, nyingine nzuri nyingine zimekunjamana vibaya sana, akaja bibi mmoja wa kizungu, hata sijamuuliza kitu akaanza kunihadithia. Eti fundi mchongaji alimpenda binti wa nyumba aliyopanga, binti akamkataa, basi kila uso aliochonga baada ya hapo ukawa mbaya kuliko uliopita. Iwe kweli iwe porojo za mtaani, bibi anaielezea kama vile anaelezea harusi ya mwanawe. Akaniaga, karibu tena kwenye jengo letu.

Jamani, hilo "letu" nimelala nalo.

Nani kwetu Tanzania umewahi kumsikia anasema mahakama yetu? Ni ya serikali. Mzee wangu alikuwa na kesi ya kiwanja, tulikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana tukaambiwa faili halionekani, njooni mwezi ujao. Dari juu yetu limeachama, maji yameshachora ukuta mzima, na hakuna aliyenung'unika hata mimi, tulinyamaza kama tuko kwa mwenye nyumba.

Najua mtasema huyu kakaa Marekani miaka sita anatuona washamba. Hapana. Sisi tuna msikiti Kilwa Kisiwani uliosimama karne nyingi kabla hiyo Texas haijawa na jina, nao wanashangilia miaka mia na ishirini na kitu! Na Kilwa ilipowekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004, kazi ikafanyika mpaka ikatolewa 2014. Kwa hiyo msiniambie hatuwezi. Tunaweza, na ndo maana naumia.

Mwingine atasema wenzetu wana hela. Sawa, jimbo lina mpango tangu 1999 wa kusaidia kukarabati mahakama za zamani, lakini kaunti nayo lazima itoe fungu lake, na hilo fungu linatoka kwenye kodi za watu kama yule bibi. Ya Ellis ilikarabatiwa ikazinduliwa upya 2002. Anasema letu kwa sababu kalilipia. Kwani sisi kodi hatulipi? Mama anayeuza vitumbua stendi halipi ushuru?

Halafu kuna boma la Bagamoyo. Wajerumani walilijenga 1897, mwaka uleule, nikasoma kibao cha Waxahachie nikapigwa na butwaa. Mtaniambia la mkoloni lile, acha lianguke. Lakini mahakama za Texas nazo zilimhukumu mtu mweusi kwa miaka mingi bila mweusi hata mmoja kwenye baraza la wazee wa mahakama, na mimi mweusi nimesimama pale, sijasahau hilo hata dakika moja. Jengo likibaki ndo unapata pa kumwonyesha mtoto kwa kidole, hapa walifanya hivi. Na mawe ya Bagamoyo nani aliyabeba kichwani? Si babu zetu? Basi ni letu kuliko la Mjerumani yeyote.

Mvua za El Niño zilivyoporomosha sehemu ya lile boma nilikuwa mdogo, watu wazima wakasema serikali itajua. Desemba nakuja likizo, nampeleka mwanangu kuliona. Mlioko Bagamoyo, mwenye picha ya karibuni atume, nataka kujua paa likoje.