Bibi avunja jungu Olney

Kila mwaka, Kwaresima ikikaribia, kina mama wa mji mdogo wa Olney huko Buckinghamshire, Uingereza, hutoka barabarani na vikaango mikononi wakatimua mbio. Hakuna aliyegombana na mumewe. Wanashindana yadi 415, karibu mita 380, kutoka uwanja wa soko hadi kanisa la St Peter na St Paul, kila mmoja na mkate mwembamba ndani ya kikaango. Sharti avae sketi na aproni, ajifunge kitambaa kichwani, na mkate aurushe juu na kuudaka mwanzo wa mbio na mwisho wake. Wenyewe wanasimulia kwamba mambo yalianza 1445. Mama mmoja alikuwa jikoni anapika, kengele ya kanisa ikalia kuita watu kwenda kuungama, akatoka mbio alivyo, aproni kiunoni na kikaango mkononi. Ilikuwa Jumanne ya mwisho kabla ya mfungo wao, siku ya kumaliza mayai na siagi iliyobaki ndani.

Niliporudi kutoka shule na kumhadithia Bibi, hakushangaa hata kidogo.

"Kumbe na wao wavunja jungu," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka wenyewe ni 1993, na Jumanne yao ilikutana uso kwa uso na Ramadhani yetu. Nyumbani kwetu Milton Keynes basi ilikuwa ni kula tu, maana kila chakula kilikuwa kinaagwa. Bibi alikuwa amekuja kutoka Unguja kumuuguza mama uzazi, na uzazi ulipokwisha akaona jiko la Uingereza bado linamhitaji.

Sasa, Milton Keynes ni mji ulioamuliwa kujengwa mwaka 1967. Una vipilefti visivyokwisha na ng'ombe wa zege waliosimamishwa majanini mwaka 1978, wala hawajashiba. Mwalimu wetu alikuwa mpenzi wa historia, na mtu wa namna hiyo akipangiwa kazi kwenye mji wenye umri mdogo kuliko yeye, hana raha. Akawa anatupakia kwenye basi kila akipata upenyo. Safari hii ilikuwa Olney, mwendo mfupi upande wa kaskazini, siku chache kabla ya mbio zenyewe. Barua ikaja nyumbani: kila mtoto, wa kike na wa kiume, alete kikaango, mkate wake, aproni na kitambaa cha kichwa. Na anatakiwa mzazi wa kusaidia kuchunga watoto.

Baba alikuwa kazini, mama ana kichanga.

"N'takwenda mie," akasema Bibi.

"Mama, Kiingereza hukijui."

"Na wao Kiswahili hawakijui. Hapo tumetoshana."

Mama alitaka kunipikia mkate wa maji, na kwa haki ndio uliofaa: mwembamba, mwepesi, unageuka hewani bila taabu. Bibi alipouona ukipepea mkononi mwa mama akauliza ni mgonjwa gani aliyepikiwa. Mjukuu wake hatokwenda mbele za watu na kitu cha namna ile. Akakanda unga, akakata matonge, akasukuma, akapaka samli kwa kiganja, akakunja utambi, akauzungusha, akaukandamiza, akasukuma tena. Mkate ulipoingia jikoni akaanza kuuzungusha kwa ncha za vidole, vidole ambavyo moto ulishavizoea na kuviacha, na kila akipita ukingoni anaongeza samli kidogo. Ulipotoka ulikuwa mnene hasa, na umenona unang'aa.

Kikaango nacho hakuniachia cha mama. Nilipewa chake, cha chuma, alichokuja nacho kutoka Unguja ndani ya mzigo wa mkononi. Pale uwanja wa ndege afisa wa forodha alikinyanyua kwa mikono miwili, akakirudisha mahala pake taratibu, asiulize neno.

Kichwani nikafungwa kanga yake. Jina lake: *Hasidi hana sababu.*

Lakini wasiwasi wangu haukuwa kanga wala uzito wa chuma. Mwalimu alitueleza darasani kwamba mshindi wa Olney hupewa busu la amani na mtumishi wa kanisa. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume, umri ule ambao hata busu la mama shavuni unalifuta kwa mkono wa shati. Nikaazimia nisishinde kwa hali yoyote ile. Nikamwambia Bibi siri yangu ndani ya basi.

"Nani akubusu?" akang'aka. "Mume wangu mie? Na mie nimesimama nawatazama?"

Tulipofika, mwalimu alituanzia uwanja wa soko, mbele ya nyumba ya mshairi William Cowper, aliyekaa pale kuanzia 1768 hadi 1786. Huyu bwana alikuwa na maradhi ya huzuni, akajiliwaza kwa kufuga sungura mwitu watatu: Puss, Tiney na Bess. Mawili yalikuwa majina ya mabibi, na wote walikuwa madume. Jioni walikuwa wakifunguliwa wacheze sebuleni juu ya zulia. Nikamfasiria Bibi. Akaitazama ile nyumba ya matofali mekundu kutoka juu hadi chini, akaniuliza kama mwishowe waliliwa. Nikapeleka swali kwa mwalimu, na mwalimu akasema tusogee mbele.

Tukasogea hadi uwanja wa kanisa, kwenye kaburi la John Newton. Ujanani alikuwa nahodha wa meli za watumwa, baadaye akawa padri hapo Olney, 1764 hadi 1780, na tenzi zake zinaimbwa makanisani mpaka leo. Alizikwa London, lakini mwaka 1893 walimhamishia hapa pamoja na mkewe. Mwalimu akasema mwaka 1788 ndipo alipotoa kijitabu cha kuipinga biashara ile hadharani, ameshapita miaka 60. Bibi yangu amekulia Mkunazini huko Unguja, kwenye soko lililokuwa la watumwa, lilikojengwa kanisa kuu la Waanglikana. Alisimama pale kaburini, mikono nyuma, kwa muda mrefu kuliko watoto wote.

"Kachelewa," akasema mwishowe. Akanishika mkono twende kwenye mbio.

Barabara isingefungwa kwa ajili yetu, hivyo mwalimu alitupimia kipande kifupi kando ya kanisa, upande wa mto Great Ouse. Februari, na upepo wa mtoni unakata masikio. Tukajipanga. Wenzangu walikuwa na vikaango vyepesi na mikate ya dukani. Mimi nilikishika changu kwa mikono miwili, kanga imenifika kwenye nyusi.

Mwalimu akahesabu: moja, mbili, tatu, rusha!

Mikate yote ikaenda juu isipokuwa wangu. Kumbe ile baridi ilikuwa imeshaifanyia kazi samli yote ya Bibi tangu uwanja wa soko. Iliganda, ikawa nyeupe, ikaufunga mkate kwenye chuma sawasawa. Nikarusha tena, nikanyanyuka mimi. Mwalimu akatazama kikaango, akanitazama mimi, akasema nia inatosha, kimbia.

Yaliyofuata si kosa langu. Upepo ulivamia mikate ya watu. Mmoja ulivuka ukuta moja kwa moja. Mwingine ulimfunika mwenyewe usoni akawa anakimbia haoni. Wa tatu ulitua mbele ya mbwa aliyekuwa matembezini na bwana wake, na mbwa hakuuliza wa nani. Nikaona naelekea kuwa mbele, nikapunguza mwendo. Nao wakapunguza, maana walikuwa wameinama wanaokota. Nikaacha kukimbia kabisa, nikatembea. Hata kwa kutembea, nilikuwa mtu pekee mwenye mkate ndani ya kikaango.

Na hapo Bibi, aliyeapa sitobusiwa, alipoona damu yake inaongoza, akasahau kila kitu. Akapiga vigelegele. Sijui kama uwanja ule wa kanisa ulishawahi kusikia kigelegele tangu ujengwe, lakini kunguru wote walihama mnara.

Nikafika mwisho wa mbio. Mzee mmoja wa kanisa, koti la kijivu safi kabisa, ndevu zimechanwa, alikuwa ameombwa na mwalimu aje kutuonyesha namna busu la amani linavyotolewa. Akawa ananisubiri huku anatabasamu. Sharti lilibaki moja: kurusha mkate. Nikatikisa, ukakataa. Mwalimu akajaribu, ukakataa, mkono ukamuuma. Bibi akapenya katikati ya watoto.

"Lete hapa."

Akakipindua kikaango kifudifudi. Mkate ukabaki umeng'ang'ania juu, unatutazama. Watoto wakapiga makofi wakidhani ni mchezo wa kiini macho. Bibi akaona anadhalilishwa na mkate wake mwenyewe. Akavua kiatu cha kulia, akakigeuza kikaango, akalenga kitako chake, akakipiga dafrau moja.

*Ngooo!*

Kengele ya 1445 haikulia vile. Mkate ukabanduka, ukaruka kwa heshima zake zote, ukampata yule mzee kifuani, pa! Ukakaa pale kidogo, kisha ukaanza kuteremka taratibu kwenye vifungo vya koti mpaka ukaanguka majanini. Nyuma yake uliacha duara la samli, kamili pande zote, kama muhuri wa serikali.

Watoto kimya. Mwalimu amefunga macho. Mimi nilikuwa nahesabu njia za kukimbilia, na zote zilikuwa na makaburi.

Bibi hakuwa na haja na koti. Kwetu riziki ikianguka chini huiachi ikanyagwe. Akainama na mguu wake mmoja bila kiatu, akauokota mkate, akaupangusa majani, akaubusu, akaugusisha pajini mwa uso. Darasa zima likashangilia. Waliona busu la amani limeshatolewa, na aliyestahili ni mkate. Nilikuwa wa mwisho kupinga.

Yule mzee akajitazama kifuani. Akatoa leso, akajifuta, duara likapanuka. Akairudisha leso mfukoni, akainamisha kichwa mbele ya Bibi, akasema maneno yao ya siku hiyo, kwamba amani ya Bwana iwe nawe daima. Bibi hakungoja mkalimani.

"Waalaykum salaam," akamjibu, akavaa kiatu.

Kisha akafungua kikapu. Nilidhani amebeba dawa na mwavuli. Kumbe alikuja na hotipoti la kuku wa kupaka na mikate mingine ya kusukuma, imefungwa kwenye taulo, bado ina vuguvugu. Watoto waliokwisha kupoteza mikate yao wakamzunguka. Mzee wa koti alikula wima, akarudia, na mchuzi uliomdondokea haukuleta tofauti yoyote.

Barua ya shule ikafika nyumbani kabla ya wikiendi. Baba akaisoma mezani usiku ule ambao simu ilikuwa hailali, huku ndugu wa London wanasema mwezi umeonekana Saudia, huku Unguja wanasema hawajaona kitu. Shule ilimshukuru Bibi, ikaomba siku nyingine asirushe vitu vizito karibu na wazee. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maelezo ya mbio. Wakimbiaji wa Olney wanashindana na wenzao wa mji wa Liberal, jimbo la Kansas, tangu 1950, na enzi hizo walikuwa wakilinganisha muda wao kwa simu.

"Hao Wamarekani wakimbia na mkate gani?" akauliza Bibi.

"Wa maji, Mama."

Bibi akaguna. "Na masharti?"

Baba akasoma: awe mwanamke, awe na miaka 18 au zaidi, awe amekaa Olney si chini ya miezi mitatu.

Bibi akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole, mpaka kidole cha tatu. Sketi anayo. Aproni ya mama ipo. Kichwani tangu azaliwe hajatoka wazi.

"Nyumba za huko zapangishwa shilingi ngapi?"

"Mama, kesho huenda twafunga."

"Kufunga najua. Mie nauliza kodi."